Kikombe cha Tatu cha Ephraim Kariuki

Ndugu yetu Ephraim Kariuki Wainaina alizaliwa mwaka 1971. Hapana, 1970. Jalada mlilonalo mkononi linasema 1971, na kosa ni la kaka yake mkubwa anayewasomea haya. Dada yetu alipiga simu jana kutoka Ol Kalou kukumbusha kwamba Kariuki alizaliwa mwaka ule mama alipovunjika mkono, na huo ni 1970, tarehe 9 Agosti. Lakini karatasi zilikuwa zimeshapigwa chapa. Mtuwie radhi.

Alisoma nyumbani Ol Kalou hadi darasa la nane na kufanya mtihani mwaka 1985, kundi la kwanza la mfumo mpya wa elimu. Siku moja walipelekwa Nyahururu kuona kibao cha ikweta. Wenzake walirukaruka huku na huku, yeye akakizunguka kile kibao mara tatu, kisha akauliza, "Mwalimu, aliyeuchora huu mstari alikuwa amesimama wapi?" Akatumwa kuteka maji. Alikuwa mtu wa kuuliza, basi, na wengi walipenda kumtuma maji.

Baadaye alijifunza kuchonga mawe. Kwa miaka mingi alichonga mawe ya makaburi Nairobi, Industrial Area, na hakuna familia iliyowahi kulalamika kwamba jina limepinda.

Tarehe 12 Desemba 1998, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Peninah, muuguzi. Walijaliwa Abigail na Bruno. Mwaka 2008 Peninah alipata kazi hospitali ya Westmead, Australia, wakahamia Sydney, wakapanga nyumba St Marys. Mwaka uliofuata Kariuki aliajiriwa na kampuni kubwa yenye karakana kila jimbo, akawa anakata mabamba ya mawe ya kutengenezwa kiwandani, yale yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni. Kazi aliipenda. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu, hata kama amealikwa chakula, kwanza anapapasa ukingo wa jiwe jikoni.

Lile jiwe lilitakiwa kukatwa kwa maji. Mashine ya maji iliharibika, ikakaa hivyo miezi kumi na minne. Wakakata kavu, wamevaa barakoa za karatasi. Jioni Peninah alikuwa anamkung'utia nguo nje akimwambia, "Baba Abi, umerudi kama mtu wa kinu cha unga." Mwaka 2021 kikohozi kilikataa kuondoka. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia ni vumbi la mawe, halitoki. Kariuki aliitazama sana ile picha. Aliuliza vumbi lile ni la mwaka gani.

Serikali iliipeleka kampuni mahakamani, na kampuni ikakiri kosa. Siku ya hukumu ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Kariuki alivaa suti ya harusi, iliyokuwa imemzidi mwili, akamwambia Peninah abebe chupa ya chai na vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani?"

"Cha mtu wa kampuni. Mtu akikukosea, si lazima muketi naye? Sasa ataongea na koo kavu?"

Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekosa huja na watu wake, chai humiminwa, ndipo maneno huanza. Kariuki hakutaka ugomvi. Kuna mtu aliyeamua ile mashine ingoje, na yeye alitaka kujua kama mtu huyo alijua vumbi linafanya nini. Hilo tu. Alikuwa amelifanyia mazoezi kwenye treni.

Ukumbini nje ya chumba cha mahakama alimkuta bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, amekaa peke yake, ameinamisha kichwa. Kariuki akajua ndiye. Akammiminia chai, akaketi kando yake, akamweleza yote polepole: mashine, barakoa, picha ya mapafu. Bwana yule alisikiliza mpaka mwisho na kikombe kikaisha. Kisha akasema, "Pole sana, rafiki. Lakini mimi nimekuja kwa kesi ya ukuta na jirani yangu."

Peninah alicheka mpaka akajificha nyuma ya mkoba. Kariuki naye alicheka, akakohoa, akamwongezea yule bwana chai.

Ndani, mahali pa mshtakiwa palikuwa patupu. Walikuwapo mawakili tu. Wakili wa kampuni alisema kampuni inajuta. Jaji akasoma kwamba hatari ilijulikana, kwamba kuitengeneza mashine lilikuwa jambo jepesi, kwamba kampuni kubwa hivi lazima itozwe faini itakayoiuma, na kwamba robo inapunguzwa kwa sababu ilikiri mapema. Kariuki akanyoosha mkono.

"Shusha, Baba Abi," Peninah akamnong'oneza. "Hapa si shule."

"Nauliza kidogo tu."

"Shusha."

Walipotoka alimuuliza wakili wa serikali, mama mpole, kampuni ni nani. Akamwambia kisheria kampuni ni mtu. "Sawa, mama. Leo alikuwa ameketi kiti gani?" Yule mama alifunga faili lake, akasema atamwandikia. Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza Abigail, ambaye alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba dunia ndivyo ilivyo. Alinipigia mimi Ol Kalou, nikamuuliza hali ya hewa.

Kikombe cha tatu hakikurudi kabatini. Alikiweka juu ya friji, kimefunikwa sahani, na aliyetaka kukitumia aliambiwa, "Hicho kina mwenyewe." Alifariki Westmead Alhamisi, tarehe 3 Julai 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Peninah. Barua ya wakili ilikuwa haijafika.

Ameacha mjane, Peninah. Watoto, Abigail na Bruno. Dada mmoja, kaka mmoja, na jiwe la kaburi lake mwenyewe, alilolikata kwa maji na kuandika jina bila tarehe. Mungu amlaze mahali pasipo na vumbi.

Na kwa kuwa leo wengi mmekuja, tunaliuliza swali lake kwa niaba yake, kama alivyoliuliza yeye: jioni ile baada ya hukumu, ni nani aliyefika nyumbani kwake mwenyewe, akavua viatu, akamwambia mkewe, "Leo nimehukumiwa"?