Ilpo Kallionpää na Kengele ya Mia Moja na Nne

Kwa miaka ishirini na minne na miezi mitano Bwana Ilpo Kallionpää wa mji wa Kokkola ameitunza Tapuli, programu huria inayopiga kengele za makanisa yetu. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, anakabidhi ufunguo. Hastaafu kwa kuchoka. Macho yake yameanza kufa katikati: anaona pembeni mwa neno, lakini neno lenyewe halioni. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma, huo ni msiba, nami sitauita jina lingine.

Alikuwa fundi wa simu. Mwaka 2001 usharika wake uliletewa mtambo wa kengele ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufungua aone ndani mna nini. Ilpo hakupenda. Akaandika programu yake mwenyewe, akaiweka wazi, aichukue anayetaka, aisome, airekebishe, tena bure. Sharika arobaini na moja ziliichukua. Mwaka wa neema kuliko yote tulikuwa wachangiaji thelathini na mmoja. Leo tumebaki watatu, na mmoja wetu hajajibu barua tangu theluji iyeyuke.

Maneno mengi hana. Marehemu Mwalimu Sirkka Vuolle, aliyemsomea kazi zake na kumtafutia makosa kwa miaka mingi, alikuwa akimtania kwamba anaandika kama mtu anayekatwa kidole kwa kila herufi. Kuna bwana mmoja aliwahi kutuletea malalamiko manne kwa siku moja, yote ya moto, akiiita Tapuli takataka. Ilpo alimjibu neno moja tu: wapi? Bwana yule akaonyesha pahali, kosa likapatikana kweli, naye akakaa nasi miaka sita.

Mimi nilimfahamu kwa njia ya huzuni. Ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwaka 2009. Nchi nzima ilikuwa imehamia kwenye vibanda vya ziwani, na Ilpo alikuwa na mstari mmoja wa kurekebisha. Hakumpata wa kumsomea, akaukubali mwenyewe uingie kwenye programu. Mstari ule ukanyamazisha kengele za wafu siku zote za sikukuu. Kwetu, mtu akifa, kengele humlilia asubuhi saa nne. Mume wa Bibi Aune Perkiö alikuwa amefariki, na bibi alisimama uani na kitambaa chake cheusi, akingoja. Kengele haikulia. Mimi ndiye mtunza kanisa, na Mungu anisamehe, siku hiyo sikupanda hata ngazi moja ya mnara. Niliiamini programu.

Ilpo alipopata habari alipanda basi, muda wa saa tatu njiani, akaja mpaka mezani kwa Bibi Aune. Bibi akamwekea kahawa na mkate wa iliki kama mgeni yeyote. Ilpo akauandika ule mstari kwenye karatasi, akamwonyesha alipokosea. Bibi aliutazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, kwani hukuwa na mtu wa kukusomea?"

Swali hilo ndilo likawa sheria yetu. Tangu siku ile hakuna mabadiliko yaliyoingia Tapuli bila kusomwa na mtu wa pili, hata yawe ya nukta moja. Wakati wa kuondoka Ilpo aliniomba mimi, niliyemfikisha kwa bibi, nijiunge. Nikamwambia elimu yangu ni ya ufagio na mishumaa. Akasema hahitaji anayejua, anahitaji anayeuliza.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu. Siku ya Watakatifu Wote, ambayo ni kesho yake baada ya Ilpo kuondoka, majina ya wafu wote wa mwaka husomwa kanisani, na kengele hulia mara moja kwa kila jina. Sharika zetu zimeunganishwa, orodha zimerefuka. Mwezi Agosti Ilpo aligundua kwamba Tapuli inahesabu hadi tisini na tisa, kisha inanyamaza. Sisi wa shule ya Jumapili tunajua habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa amtafute mmoja aliyepotea; sikuipenda hesabu hiyo hata kidogo. Kamba za minara ziliondolewa zamani, kwa hiyo mkono hauwezi kusaidia. Na mwezi Septemba Bibi Aune akafariki. Katika orodha yetu yeye ni wa mia moja na nne.

Ilpo aliandika marekebisho, mistari arobaini na mmoja, kwa herufi kubwa kama viberiti kwenye kioo cha kompyuta yake. Yakakaa. Mwalimu Sirkka tulishamzika. Wa pili ndiye yule asiyejibu. Wiki saba yakakaa. Watu wa sharika nyingine wakamsihi ayakubali mwenyewe, kwani nani angejua? Alijibu kwamba Aune angejua.

Basi nikajitolea kuyasoma. Nilimpigia simu anifafanulie mstari wa kwanza, akakataa katakata. "Nikikueleza utakuwa umenisikiliza," alisema, "hujasoma." Nikakaa nayo siku kumi na tisa, na kitabu cha mafunzo mkononi na maombi mdomoni. Kwenye mstari wa ishirini na sita niliona hesabu inaanzia sifuri, na jina la mwisho linabaki bila kengele. Nilidhani ujinga ni wangu. Nikampigia, nikauliza hata hivyo.

"Hapo nimekosea mimi," akasema. "Umeona, mzee mwenzangu, kwa nini ninaondoka."

Sikufurahi kwamba nilikuwa sahihi. Alirekebisha, nikasoma tena yote tangu mwanzo, na Jumanne asubuhi niliyakubali. Ndiyo kazi yake ya mwisho.

Sitawadanganya, ndugu wachangiaji. Ufunguo unakuja kwangu, na nyuma yangu hakuna wa pili. Nikiandika chochote kitasubiri msomaji, hata miaka, maana sheria ni ile ile. Mwenye macho na subira, tafadhali abishe hodi.

Bwana Ilpo, ahsante kwa kengele zote zilizolia kwa wakati wake, na kwa ile moja isiyolia, kwa kupanda basi. Mungu akupe uzee wa utulivu, na mtu wa kukusomea kila siku. Jumamosi njoo usimame uani kwetu, ufumbe macho. Usihesabu. Safari hii nitahesabu mimi, mpaka mia moja na nne, na nitakushika mkono ikilia.