Daftari la Bi Kamusi Halina Kufuli

Bi Kamusi, msahihishaji wa barua zetu za Kiingereza, anastaafu Ijumaa tarehe 30 baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Idara ya utumishi ilithibitisha hayo jana kwa barua ya Kiingereza yenye makosa manne. Aliisahihisha mwenyewe, akairudisha kabla ya chai.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Haukupita mwaka wakubwa wakagundua kwamba barua zilizopitia mezani kwake hazichekwi na wateja, wakaanza kumtumia madereva wenye maswali ya Kiingereza ya "rafiki yangu mmoja". Hapo akaweka sharti: swali liandikwe daftarini, na aulizaye asaini kwa mkono wake. "Baba, kuuliza si ujinga," alimwambia meneja aliyeingia akinyata kama mwizi wa kuku. "Ujinga ni kumtuma dereva."

Walinzi na mafundi walisaini bila haya. Mfagizi wa ghorofa ya pili aliuliza maswali arobaini, na leo anaandika Kiingereza safi kuliko nusu ya bodi. Wakubwa walisaini wakitazama mlango, kisha wakapanda juu kuwacheka wenzao.

Mwezi uliopita mkuu wa utumishi alimnyima mpokea simu wetu cheo, akitangaza mbele ya watu kwamba asiyejua tofauti ya "since" na "for" hafai kuwa msimamizi. Dada wa watu alilia chooni, akanawa uso, akakata rufaa. Bi Kamusi akafungua daftari. Mpokea simu aliuliza swali hilo mara moja, miaka sita iliyopita. Mkuu wa utumishi ameliuliza mara kumi na moja, ya mwisho Machi mwaka huu. Saini ni yake, ile yenye mkia mrefu.

Tangu hapo ameshuka ngazi mara tatu kuomba daftari "likahifadhiwe". Amejibiwa kwamba limeshahifadhiwa, na kwamba nyani haoni kundule.

Bi Kamusi, ahsante. Tumekutesa vya kutosha na sentensi zetu; kale ustaafu wako kwa raha na afya.

Ijumaa saa nne asubuhi Bi Kamusi atalisoma daftari mbele ya kamati ya rufaa. Keki ni saa nane. Hotuba ya kumuaga, ambayo mkuu wa utumishi alipangiwa kuitoa kwa Kiingereza, sasa itatolewa na mfagizi wa ghorofa ya pili.