Que Changgen na Viatu Chini ya Mti wa Yu

Ndugu jamaa, majirani na wote mliokuja kumsindikiza, sehemu ya mwanzo ya historia hii ilisimuliwa kwanza na Bibi Zuo Lianzhi, mama mzazi wa marehemu, mwezi wa Novemba mwaka 1978, alipokuwa akishona soli za viatu vya kitambaa pamoja na mkwe wake, Luan Shuqin, ambaye ni mama yangu, na Mama ndiye aliyenisimulia mimi, Que Miao, binti mkubwa wa marehemu, akaniagiza niisome leo kama ilivyo, bila kupunguza neno.

Baba yetu, Que Changgen, alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 hapa hapa Shaliang, katika nyumba ya mwisho upande wa kaskazini, ambayo nyuma yake hakuna kitu ila mchanga na ule mti mkubwa wa yu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Que Youtian na Bibi Zuo Lianzhi, akitanguliwa na kaka yake, Que Changshan, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye alimbeba mgongoni mpaka alipojua kutembea, na baada ya hapo marehemu akawa anamfuata kila mahali.

Masika ya mwaka 1960 yalimkuta marehemu ana umri wa miaka minane, na waliokuwepo hawahitaji kukumbushwa ulikuwa mwaka wa namna gani, kwa kuwa miti yote ya yu ya kijiji ilikuwa imeshachunwa magome kwa ajili ya kusagwa unga, isipokuwa huo ulio nyuma ya nyumba yetu, ambao wazee walikataza usiguswe, wakasema lazima ubaki mti mmoja wa kutoa mbegu, maana mbegu za yu, zile za duara zenye ubawa mwembamba wa kijani, zilikuwa ndicho chakula pekee kilichojileta chenyewe mwaka ule.

Tarehe 24 Mei 1960, asubuhi, Changshan alipanda mti huo kuvuna mbegu, na kama ilivyo desturi yetu mpaka leo, alivua viatu vyake kwanza, akamwachia mdogo wake avipange kwenye mzizi, kwa sababu apandaye mti wa yu viatu vyake huwekwa ncha zikielekea nyumbani, ili mti ujue kwamba mtu huyu ni wa kushuka, na kazi ya kuvipanga hupewa anayebaki chini. Marehemu alikuwa na njaa, macho yake yalikuwa kwenye matawi, akaviweka viatu haraka, ncha zikielekea shina, kisha akasimama na kikapu.

Kaka yake alimwambia kutoka juu, "We Changgen, shika kikapu vizuri, na usiondoke hapo mpaka nishuke, umenisikia?" naye akajibu, "Nimesikia Kaka, lakini usile zote huko juu," Changshan akacheka, akasema, "Mimi nakula moja, wewe unakula mbili, unalalamika nini?" Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyosikika. Vijiti vyenye mbegu viliendelea kudondoka mpaka kikapu kikajaa, kisha vikakoma, na mtoto akadhani kaka yake anamtania, akabaki amesimama pale pale na kikapu mikononi, jinsi alivyoagizwa, mpaka mama yake alipokuja kuwatafuta jua likiwa utosini.

Wanaume walipanda mpaka kileleni, wakakuta matawi yamevunjwa punde tu, majimaji bado hayajakauka, na mtu hakuna, wakashuka wakatafuta kisimani, kwenye mabonde ya mchanga na njia ya kwenda mjini, wala chini ya mti hapakuwa na nyayo za mtu kuondoka. Bibi Zuo Lianzhi alitazama viatu, akavaa uso ule aliokuja kuuvaa miaka yote, akawaambia watu, "Mtu asiviguse viatu vya mwanangu, atavikuta alipoviacha," na kwa kuwa hakuna maiti iliyoonekana, hakukubali kaburi lichimbwe wala jina la Changshan liandikwe pamoja na majina ya waliofariki, na kila mlo likawekwa mezani bakuli lake.

Marehemu alianza shule ya msingi ya Shaliang mwezi wa Septemba 1961, mwaka ambao pia alimpoteza baba yake, akamaliza mwaka 1967, na walimu wake walimkumbuka kama mwanafunzi mtulivu mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa na tabia moja isiyoelezeka, kwamba wenzake wakivua viatu mlangoni, yeye huinama na kuvigeuza vyote ncha zielekee nje.

Tabia hiyo hakuiacha, na wengi wenu hapa mmeigeuza kuwa kichekesho. Mzee Tie Wanlu, jirani yetu, aliwahi kumwambia kwenye harusi moja, mbele za watu, "Changgen, kichwa gogo wewe, viatu vyangu vimekukosea nini? Nikitoka hapa nimelewa nitajikuta nimefika kwangu bila kutaka!" na marehemu akamjibu taratibu, "Ndiyo maana nimevigeuza, Tie, ufike kwako."

Mwaka 1969 aliingia kazini katika shamba la miche la kijiji, na tarehe 1 Aprili 1979 akahamia kitalu cha miche cha wilaya, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2012, na kazi yake muda wote huo ilikuwa moja, kuotesha miti ya yu na kuipeleka mchangani. Aliwafundisha vijana kwamba mbegu ya yu haiwekwi ghalani, ikikaa siku chache kwenye joto imekufa ingawa sura yake ni ileile, kwa hiyo inapodondoka inapandwa, katika mchanga uliokwisha kumwagiwa maji, ikifunikwa kwa vumbi jembamba tu, kwani ukiizika ndani haiwezi kutoka, na kwamba mche usitolewe kitaluni kabla ya miaka miwili, wala usipandwe mgongoni mwa tuta la mchanga, bali chini kati ya matuta, ndani ya miraba ya majani makavu yaliyochomekwa kuzuia mchanga usihame, mahali ambapo mzizi utakwenda wenyewe kutafuta maji. Kijana mmoja alimuuliza, "Sasa Mzee, baridi ya huku inapasua mawe, huu mche kama uzi utapona kweli?" akasema, "Utapona. Huu mti ukishapata kitu hauachii."

Mbegu alizozitumia zilitoka kwenye mti ule mmoja wa nyuma ya nyumba, na hakuna mwaka aliokubali kupanda juu yake kuzivuna, bali alisubiri zidondoke, akiwa amesimama chini na kikapu. Wafanyakazi wenzake watakumbuka kwamba miti iliyotokana na mbegu hizo, ambayo leo inafunika bonde lote la kaskazini, ilinyooka kama mingine, ila upepo unapovuma kutoka mchangani inatoa sauti tofauti na miti ya yu ya vijiji jirani, na mafundi waliokuja kuchimba visima walikataa kupiga kambi ndani yake, wakasema kuna mtu anacheka juu.

Marehemu alifunga ndoa na Luan Shuqin tarehe 1 Oktoba 1975, na Mungu wa nyumba yetu akawajalia watoto wawili, mimi, Que Miao, niliyezaliwa tarehe 9 Julai 1976, na mdogo wangu, Que Dongliang, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1980, na aliishi na mkewe kwa upole, akawa haongei sana, isipokuwa msimu wa mbegu, ambapo alikuwa haongei kabisa.

Viatu vya Changshan vilibaki kwenye mzizi, mvua ikavinyeshea na theluji ikavifunika, na mti ulipozidi kunenepa gome lilianza kuvipanda, kwanza ncha, kisha pande, kama mdomo unaofumba taratibu, na marehemu alivitazama kila siku bila kuthubutu kuvigeuza, kwa sababu mama yake alikataza visiguswe, na kwa sababu aliamini kwamba mama yake hajui aliyevikosea. Ndipo siku ile ya Novemba 1978, wakiwa wanashona, Bibi alimwambia mkwe wake, "Mwanangu, mimi niliona siku ileile vimeangalia shina. Nani aliyevipanga nikamjua. Ningeacha mtu aviguse, watu wangeuliza kwa nini vinageuzwa, na huyu mtoto angekua akinyooshewa kidole. Mmoja nimempoteza, huyu wa pili sitampoteza kwa midomo ya watu." Mama alimuuliza, "Kwa nini usimwambie mwenyewe?" Bibi akakata uzi kwa meno, akasema, "Nitamwambia Changshan akishuka."

Bibi Zuo Lianzhi alifariki tarehe 4 Februari 1991, na baada ya mazishi Mama alimweleza marehemu yote, naye akachukua patasi na nyundo, akaenda nyuma ya nyumba kuvitafuta viatu ili avigeuze, lakini gome lilikuwa limeshafunga tangu mwaka 1987, pamebaki uvimbe mmoja kwenye mzizi, na patasi ilipoingia yakatoka maji meusi, mengi, ya vuguvugu, katika mwezi ambao kila kitu huwa kimeganda. Mama, aliyemfuata, alimwambia, "Acha, Baba Miao, unaumiza," marehemu akamuuliza, "Ninaumiza nini, mti au Kaka?" na Mama anasema mpaka leo hajui yeye mwenyewe alikuwa amemaanisha kipi. Patasi iliwekwa chini, na baba yetu akajua kwamba viatu vile havitageuzwa tena bila kuuangusha mti, na kwamba mti ukianguka hakuna atakayeshuka.

Mwezi wa Oktoba 2022 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa katika hospitali ya wilaya, na mwezi wa Machi mwaka huu madaktari walitushauri tumrudishe nyumbani, ambako alilala kwenye kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, karibu na dirisha la kaskazini, asiweze kutembea bila kushikwa. Mbegu zilipoanza kukomaa alimwambia Dongliang, "Kikapu changu kiko wapi?" Dongliang akamtania, "Baba, huwezi hata kushika bakuli, kikapu cha nini?" akasema, "Niliambiwa nisiondoke."

Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Mama aliingia na uji akakuta kitanda kitupu, akatuita, tukaenda nyuma ya nyumba pamoja na Mzee Tie, aliyekuja kumjulia hali, tukamkuta baba yetu ameketi, mgongo wake kwenye shina, amekwisha kukata roho, uso umetulia. Alikuwa pekupeku, na viatu vyake vilikuwa kwenye mzizi, mbele ya ule uvimbe, vimepangwa sawasawa, ncha zikielekea nyumbani. Kikapu kilikuwa mapajani, kimejaa, wala si mbegu za kuokota, bali vijiti vilivyovunjwa kwa mkono, vikiwa na majimaji, na ninyi mnaoujua mti huo mnajua kwamba tawi lake la chini kabisa halifikiwi bila ngazi. Gome la ule uvimbe lilikuwa zima, limelowa maji meusi.

Kutoka kwenye mzizi kulikuwa na nyayo mchangani, ndogo, za mtu mmoja, zikiondoka na hazirudi. Nilipotaka kusogea Mzee Tie alinishika mkono, akasema, "Miao, usikanyage, subiri kwanza," na Mama akachuchumaa akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema ni alama za soli ya kitambaa, mishono yake imepangwa mitatu mitatu kwa kukingama, mshono ambao alifundishwa na mtu mmoja tu, mama mkwe wake, na hajauona kwa mwingine yeyote. Tulizifuata mpaka mlango wa uani, ambao ulikuwa wazi. Baada ya hapo ni matofali, na matofali hayashiki alama. Mchana upepo ulizifuta.

Mbegu zilizokuwa kikapuni tulizipanda siku ileile, kwa sababu marehemu asingetuelewa kama tungeziacha zife kwa kisingizio cha msiba, na leo asubuhi, tarehe 31 Mei, zimeanza kuchungulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliomhudumia tangu mwanzo wa ugonjwa, inawashukuru wafanyakazi wa kitalu cha miche, wa zamani na wa sasa, kwa heshima waliyompa na kwa kuvumilia viatu vyao kugeuzwa, inawashukuru majirani wote wa Shaliang, hasa Mzee Tie Wanlu, ambaye tangu Jumatatu hajatania.

Kati ya waliotajwa katika historia hii, Bwana Que Youtian, Bibi Zuo Lianzhi na sasa Que Changgen wametangulia, na walio hai ni mke wa marehemu, Luan Shuqin, watoto wake, Que Miao na Que Dongliang, na Mzee Tie Wanlu. Kuhusu Que Changshan, mama yake alikataza ahesabiwe miongoni mwa wafu, na mimi niliyekuwa nikitii katazo hilo kwa ajili ya heshima tu, leo ninalitii kwa sababu nyingine, bakuli lake liko mezani kama siku zote, na tangu Jumatatu Mama analikuta tupu.

Baba, aliyekuagiza usiondoke ameshashuka. Sasa tua kikapu, upumzike.