Bi Deki na Wimbo wa Siku Saba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina mzaha mwingi, mtanivumilia.

Wimbo wa siku saba mnaujua. Aliyepita chekechea bila kuuimba, basi alikuwa mtoro. Jumamosi, shuka safi. Jumapili, nani anakuja? Hapo watoto hupiga kelele, kila mmoja akimtaja amtakaye: shangazi! babu! mjomba! Kisha Jumatatu, daktari. Jumanne, kucha fupi. Jumatano, sindano. Sasa niwaulize: wimbo wa kujifunza siku za wiki, daktari na sindano wanatafuta nini humo?

Wamo kwa sababu wimbo ule ulitungwa hospitalini. Narudia, hospitalini, katika wodi ya watoto waliovunjika mifupa. Na aliyeutunga hakuwa mwalimu wala mwanamuziki. Alikuwa mhudumu wa usafi, mama wa ndoo na tambara. Watoto walimwita Bi Deki. Bi Deki alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Binti yake, ambaye sasa naye ana wajukuu, alikuja hapa studio akaketi kiti hiki kinachonitazama. Akaniambia hivi:

"Watoto walimsumbua mama. Kila saa, mama yangu anakuja lini? Wamefungwa plasta, hawawezi hata kujigeuza, na wagonjwa huonwa Jumapili tu. Basi akawapangia siku kwa kazi za wodi, wahesabu wenyewe, yeye apate kupiga deki."

Lakini wasikilizaji, yeye hakuimba "nani anakuja". Aliimba, Jumapili, mama anakuja. Shikeni hapo.

Siku moja akaletwa msichana wa miaka sita, mguu umevunjika sehemu mbili. Ajali ya gari. Mama yake alikuwa naye garini, na mama yake alikufa. Ndugu wakaomba mtoto asiambiwe mpaka atembee. Muuguzi mkuu akatoa amri, wote wakakaa kimya. Na Bi Deki akaendelea kumwimbia asubuhi hadi jioni: Jumapili, mama anakuja.

Jumapili ikifika mtoto anachanwa nywele, anakaa, anautazama mlango. Jumapili ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Bi Deki alikuwa na tambara lake mkononi na hakuwa na pa kuuficha uso.

Kufikia Jumapili ya tano zamu zilibadilishwa, Jumapili ikawa siku yake ya mapumziko. Akavaa gauni lake la kutokea, akapanga foleni getini na wazazi wengine, mlinzi anamcheka, wewe si wa humu humu? Akaingia kama mgeni. Akakaa kitandani kwa yule msichana saa nzima. Akafanya hivyo miezi mitatu.

"Mimi nilikuwa na miaka minane," binti yake alisema. "Nilimnunia. Jumapili ndiyo ingekuwa siku yangu na mama, na yeye anaondoka. Akaniambia, wewe mama unaye, mwenzio hana. Sikumwelewa. Nilizidi kununa."

Kisha wiki moja Bi Deki akaugua. Aliporudi kazini, kitanda kilikuwa na mtoto mwingine. Mjomba alikuwa amekuja kumchukua msichana. Hawakuagana.

Miaka ikaenda. Msichana akakua, akawa mwalimu wa chekechea, akawafundisha watoto wa darasa lake ule wimbo. Wakaja hapa redioni kuurekodi, na nchi nzima ikaudaka. Ila ulikuwa na neno jipya: Jumapili, nani anakuja?

Bi Deki aliusikia akiwa jikoni, anamenya viazi, na jina la mwalimu lilipotajwa akalitambua. Akazima redio. Akamwambia binti yake, "Ananiuliza mimi huyo. Anataka kujua kwa nini nilimdanganya." Tangu siku hiyo, wimbo ukianza, yeye hutoka nje.

Na aliyekuwa akiuweka hewani kila Jumamosi, kwa miaka kumi na moja, ni mimi. Mimi huyu. Nikijitapa kabisa, wimbo wa wote, mtunzi hajulikani. Iliniuma sana kulisikia hili, na bado linaniuma.

Jumatano nilisoma tangazo la kifo, na jina la Bi Deki likiwemo. Mwalimu alilisikia. Akaenda msibani, na binti wa marehemu akamweleza yote. Mwalimu akakaa chini sakafuni. Maneno yake aliniruhusu niyaseme.

"Nilijua mama amekufa. Nilijua tangu siku ya kwanza, nilikuwa naye. Nilinyamaza kwa sababu Bi Deki akiimba alionekana anataka kulia, nikaona nikisema atalia kweli. Yale maneno hayakuwa ya kumuuliza. Ulikuwa mchezo wetu. Akitokea mlangoni na gauni lake, watoto wa vitanda vyote wanapiga kelele, nani anakuja? Na mimi najibu, wangu! Wangu anakuja!"

Binti akamuuliza, "Mbona hukuja kumwambia?"

Mwalimu akasema, "Dada, nilidhani anajua."

Wasikilizaji wapendwa, Bi Deki hakujua. Amekwenda kaburini akiamini kuna mtoto alimkosea.

Kwa binti yake, kwa wajukuu na vitukuu, kwa wahudumu wote wenye ndoo na tambara, poleni sana. Kwako mwalimu pia, pole. Nawe umefiwa na mama, kwa mara ya pili.

Zimebaki dakika mbili, na sitaweka wimbo wowote. Yupo mtu uliyedhani anajua. Mpigie sasa hivi, mimi nimenyamaza.