Sindano Yangu na Alama za Watu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo nimesimama kanisani kwa miguu yangu, wala sijasindikizwa na askari. Mwangaluka wote, habari za asubuhi!

Mnanijua, mimi ni Mama Kulwa, nakaa pale barazani kwa Bwana Hamadi mwenye duka la vitambaa, hapa Bariadi. Nadarizi kwa mkono. Ukinipa mkoba mtupu, nitakurudishia mkoba unaosalimiwa njiani! Hiyo ndiyo kazi iliyowalea watoto wangu, na lile baraza ndilo shamba langu.

Ndugu zangu, siku hizi mteja haleti maua wala ndege. Analeta simu. "Mama, nitolee hii." Unatazama, ni alama ya timu, ya soda, ya viatu. Nami naidarizi vile vile. Sikuona ubaya, maana alama hizo ziko kila ukuta mjini. Nani angedhani ukuta una mwenyewe?

Msimu wa pamba ulipokaribia, Bwana Hamadi akaniagiza mikoba mingi ya kaki, kila mmoja na alama ya kampuni moja ya simu. Watu wa vijijini wakiuza pamba yao, watanunua. Nikaketi, nikadarizi mpaka vidole vikakataa kushika kijiko. Mzigo ukatundikwa dukani, ukapendeza kweli.

Ndipo akaja kijana mmoja wa kampuni ile, kitambulisho shingoni, mpole kabisa. Akauliza nani ametupa ruhusa. Bwana Hamadi akamwambia, "Tunawatangaza bure, mlipaswa kutuletea soda!" Kijana hakucheka. Akasema alama ile imesajiliwa kisheria, na mkoba ukichanika mnunuzi atailaumu kampuni, wala hatamlaumu Mama Kulwa. Akasema tusiuze hata mmoja, kesho atarudi na mkubwa wake, na mshonaji awepo. Huyo mkubwa ndiye angeamua kama tunapelekwa polisi.

Ndugu zangu, sindano niliiweka chini! Bwana Hamadi naye hasira zikampanda. Akaniambia mzigo huu ukichukuliwa, nitafute baraza lingine. Simlaumu. Lakini mimi baraza lingine nilipate wapi? Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa sisikii hata anayenisalimu.

Nikapiga magoti jikoni, ugali haujasongwa. Nikalia mbele za Bwana. Nilitaka aniambie kampuni itasahau. Hakuniambia hivyo! Lilikuja neno moja tu moyoni: fumua. Nikasema, Bwana, mzigo mzima? Wapendwa, Mungu habishani. Neno lilikuwa lile lile.

Asubuhi nikafika barazani, nikashusha mkoba wa kwanza, nikaanza kufumua. Bwana Hamadi akadhani nimerukwa na akili. Akanitazama, akatazama tena. Kisha akaingia ndani, akatoka na wembe wake, akaketi chini karibu yangu, akaanza na yeye. Mwislamu yule, ndugu zangu! Mungu ambariki popote alipo, na najua alipo, yuko dukani.

Wageni wa kampuni walipofika walitukuta tumejaa nyuzi mpaka kwenye nywele. Yule mkubwa akashika mkoba, akaugeuza. Akasema yeye hana kesi na watu wanaofumua. Akatuonya, akatueleza kwamba ruhusa huombwa ofisini kwao kwa barua, wakaenda zao. Haleluya!

Lakini kitambaa kilichofumuliwa hubaki na vitundu. Nani atanunua mkoba wenye vitundu? Ilibidi nidarizi kitu juu yake. Nikawaza alama wanayochomwa ng'ombe wa nyumba ya mume wangu kule Nkololo, mistari miwili na duara. Safari hii nilijua kuomba! Nikampigia mamamkwe wangu, mama wa mila za zamani, hajaokoka bado, nikamsimulia yote.

Alicheka mpaka akakohoa. "Ng'wanone, mwanangu, umechukua ng'ombe wako mwenyewe ukamchoma alama ya watu? Si ungewapelekea na kamba!"

Kweli kabisa. Jasho langu, vidole vyangu, halafu naandika juu yake kwamba ni mali ya wengine.

Nikamwomba ile alama. Akasema, "Ile tunaiweka kwenye kilicho chetu tu." Nikajua nimekataliwa. Kumbe hajamaliza! "Sasa wewe ni wa nani? Weka."

Nililia barazani pale, mbele ya wateja. Miaka yote niliyoolewa nilikuwa najiona mgeni kwenye ile nyumba.

Mikoba inauzika, polepole. Baraza bado ni langu, na nimeridhika, Bwana anajua. Ahsante Yesu!

Ndugu yangu uliyechomwa alama isiyo yako, ya pombe, ya hofu, ya hirizi kiunoni, usione haya kufumua. Vitundu vitabaki, ndiyo. Bwana anajua kudarizi juu ya vitundu.

Nimalizie. Yule mama amekuja leo kutoka Nkololo, yuko benchi la nyuma, ameshika mkoba wake. Mayu, mama yangu, usiiname, kila mtu ameshakuona! Uliniuliza mimi ni wa nani, nikapata nyumba. Leo nakuuliza na mimi, kwa upendo, mbele ya hawa wote: wewe je, mayu, ni wa nani? Ukiwa tayari, njoo. Nashuka nikushike mkono.