Bi Masouda na Wanawake Wasiokunywa Maji

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu kutoka Maskati. Jana tulibishana hapa studio kama neno mkojo litamkwe hewani. Nalitamka. Bi Masouda binti Hamoud, tuliyemzika Jumatatu hii ya Machi 2007, alipima mkojo miaka kumi na sita katika maabara ya zahanati moja ya mtaa wa Wadi Kabir. Miaka kumi na sita.

Hakuwa mtu wa kutulia. Binti yake, Hind, anasema: "Mama alikuwa akila amesimama. Ukimwambia akae, anakwambia, nna jambo linanikera."

Jambo lenyewe lilianza mwaka 1996. Alikuja Nyamizi, Mtanzania, mshonaji katika karakana ya nguo kule mtaa wa Ghala. Mkojo ulikuwa unamchoma. Ilikuwa mara ya nne kwa miezi mitano. Anapewa dawa, anapona, anarudi. Safari hii Bi Masouda aliacha hadubini, akatoka kumuuliza.

"Kazini unakunywa maji?"

"Sinywi, mama. Nikinywa nitataka chooni, na ufunguo anao msimamizi. Anafungua saa sita tu."

"Na kujisafisha?"

"Najiosha kwa dawa ya vidonda, mpaka ndani. Nahisi nina uchafu."

"Si uchafu, mwanangu. Mwilini mna vijidudu vinavyotulinda. Ukiviua hivyo, vibaya vinapata nafasi."

Wakati ule vitabu vilisema mkojo wa mtu mwenye afya hauna kijidudu hata kimoja. Bi Masouda aliviona, vichache, hata kwa wanawake wasioumwa. Daktari wa zahanati akamwambia kopo lilikuwa chafu. Akabadilisha kopo. Akaviona tena. Akabaki na swali: je, maji tunayokunywa na saa tunazojizuia ndivyo vinavyovibadilisha vijidudu hivyo?

Alimwahidi Nyamizi kwamba Jumatano atakwenda Ghala kusema na msimamizi. Jumatatu Nyamizi alianguka kwenye cherehani. Maambukizi yalikuwa yamefika kwenye figo. Alilazwa siku tisa.

"Nilimwambia asubiri," Bi Masouda alikuwa akirudia nyumbani. Hind anasema hakujisamehe.

Alikwenda karakana. Msimamizi, Bakhit, akamwambia, "Bi Masouda, haya mambo ya kike usiyalete mbele za watu."

"Kumfungia mtu choo ndiyo aibu. Nnangoja hapa."

Alisimama mlangoni toka asubuhi hadi adhuhuri. Mwenye karakana alipofika na kusikia habari ya Nyamizi, aliamuru kufuli ling'olewe. Siku ya pili Bi Masouda alikuwa karakana ya jirani. Huko walimfukuza. Akarudi tena.

Nyamizi alinipigia simu jana. "Tangu kufuli ling'olewe sijaumwa tena," alisema. "Lakini hapa ninapofanya kazi sasa, choo kiko ng'ambo ya barabara. Kuna wasichana wawili hawanywi maji. Nimewaambia. Hawasikii."

Kwa Hind na jamaa wote wa marehemu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, kama yupo mwanamke anayekufanyia kazi, nyumbani au dukani, hebu fikiri. Leo amekunywa maji saa ngapi? Kama hujui, nenda ukamuulize.