Siku Baba Alipoketi Jikoni

Sabato njema, wapendwa. Nimepewa dakika chache na mimi naongea sana, kwa hivyo mnivumilie. Zamani sikuwa hivi. Mbele ya baba yangu nilijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Baba hupakia magunia ya majani chai kwenye lori. Nyumbani neno lake lilikuwa moja: "Nimesema." Redio izimwe, nimesema. Mama asiende kwao, nimesema. Dada mmoja wa hapa kanisani alipojitolea kunifundisha kuoka keki za harusi, baba hakutaka hata kusikia mwisho. "Hapana. Nimesema." Ndugu zangu, nililala kama mgonjwa. Nikaacha hata kuimba kwaya.

Halafu siku moja mama akanituma nimpelekee baba chakula kazini. Nikakuta msimamizi wao, kijana wa rika langu, amemsimamia kichwani. "Shusha yote upange upya, mzee. Nimesema."

Baba akavua kofia. "Sawa, mkubwa."

Alipogeuka, akaniona.

Jioni hiyo mama akiwa anasonga ugali, baba akaingia jikoni. Nyinyi mnajua kwetu: mzee hupelekewa chakula nyumba kubwa, jikoni si kwake. Akaketi kwenye kigoda.

"Mzee, umepotea njia?" mama akamuuliza.

Hakucheka. Akanitazama mimi. "Na mimi huwa naongea vile?"

Mwiko wa mama ukasimama. Nikasema, "Ndiyo, baba. Hata sauti ni hiyo hiyo."

Akasukuma kuni motoni. Kisha akauliza, "Hiyo keki, inapikwaje?"

Wapendwa, nilieleza mpaka ugali ukapoa.

Sisemi amekuwa malaika. Juzi mezani alianza, "Nimese..." Mama akakohoa, naye akamalizia, "Nilikuwa naomba chumvi."

Asante mama, kwa kikohozi chako. Asante mwalimu wangu wa keki, ulinisubiri. Asante baba, uliyejificha pale nyuma. Na nyinyi baba zetu mnaofokewa kazini mchana kutwa, nawaambia tunajua mnaumia. Rudini mtuambie kilichowauma, tutasikiliza. Ile sauti tu ndiyo msituletee nyumbani.

Keki iko pale mezani, karibuni. Imeungua kidogo upande mmoja. Huo mniachie mimi na baba.